Miezi Kumi na Mmoja ya Kadishi

Wenzangu wa hija walitangulia kushuka Gethsemane. Mimi nilibaki juu ya Mlima wa Mizeituni, nimeduwaa. Mteremko mzima ni makaburi, mawe ya chokaa yamebanana hadi karibu na Bonde la Kidroni. Wayahudi wamezikana hapa kwa miaka ipatayo 3,000. Maua hakuna, juu ya mawe kuna vijiwe vilivyoachwa na waliokuja kuzuru.

Bwana mmoja wa makamo alisimama kwenye kaburi la baba yake. Nilimpa pole, nikamwomba radhi, nikauliza mbona wote wamelazwa upande mmoja. Akanyoosha mkono ng'ambo ya bonde, pale lilipokuwa Hekalu.

"Miguu inaelekea kule. Siku ya ufufuo mtu akiinuka tu, uso uko Hekaluni."

Torati yenyewe haisemi mengi kuhusu akhera, na Masadukayo tunaowasoma kwenye Injili walikataa kabisa kwamba wafu watafufuka. Ila marabi walioshika dini baada ya Hekalu kubomolewa mwaka 70 walifuata njia ya Mafarisayo, na mpaka leo sala ya Amida, anayoisali bwana huyu kila siku, humsifu Mungu anayewapa wafu uhai. Si Wayahudi wote wanaopokea hilo vilevile. Wapo wanaosema ni roho tu inayodumu. Wanaofuata Kabala, mafundisho ya siri ya Kiyahudi, husema roho yaweza kurudi katika mwili mwingine. Lakini mlimani pale habari ni ya mwili, mifupa na vumbi. Hata anayezikwa mbali huwekewa udongo wa nchi hii kaburini, na wahenga wao walifundisha kwamba wafu wa ugenini watabingirika chini ya ardhi mpaka wafike hapa.

"Na waovu?" nikauliza.

Akanionyesha kusini-magharibi. "Ge Hinom ni lile bonde."

Nilisisimka. Jehanamu! Neno lililonitisha tangu utotoni lilitoka kwenye bonde la kweli. Yeremia aliwalaani watu waliochoma watoto wao humo. Kesho yake nililitembelea, nikakuta nyasi, miti, na familia zimetandika shuka zinakula.

Ila kilichonikaa moyoni ni maneno aliyoniambia kabla hatujaagana. Marabi walifundisha kwamba hukumu ya waovu katika Gehinomu ni miezi 12. Kwa wengi ni mahali pa kutakaswa. Mtoto humwombea mzazi wake Kadishi, sala isiyotaja kifo hata mara moja, ni sifa za Mungu mwanzo hadi mwisho. Husomwa penye watu kumi, kwa desturi yao wanaume. Naye huisoma kwa miezi 11 tu. Akifikisha 12, ni kama anakiri kwamba mzazi wake alikuwa mwovu wa kutumikia muda wote.

"Mimi niko mwezi wa kumi," alisema, akaweka kijiwe chake. "Mara tatu kwa siku natafuta watu kumi. Sijui nitafanya nini mwezi huu na ujao ukiisha."

Mama yangu ana miezi tisa kaburini. Sisi tulifanya arobaini, tukaanua tanga, watu wakatawanyika, na tangu siku ile sina neno nililopangiwa kumsemea.