Bibi Alipokunja Pua

Nyumba ilisimama juu ya nguzo za chuma, imeinuka usawa wa kiuno, upepo ukipita chini yake. Siku ya kwanza nikauliza, kwa ujinga wangu wa Tanga, mbona hawakumwaga msingi wa zege. Msimamizi akanambia udongo wa huku umeganda mwaka mzima. Ukikalisha nyumba juu yake, joto la nyumba linauyeyusha, nayo inazama. Hata hivyo nguzo mbili zilikuwa zimeshadidimia, na milango ya upande wa bahari haikufungika tena.

Ilikuwa 2016, kijiji kimoja cha Wainuit, wenyeji wa asili wa huko, katika kisiwa cha Baffin, Nunavut, kaskazini kabisa mwa Kanada. Nunavut nzima ina miji na vijiji 25, na hakuna barabara inayounganisha hata viwili. Watu huruka kwa ndege. Mizigo mizito huja kwa meli wakati wa kiangazi, barafu ya bahari ikishaondoka. Gati hatukuwa nalo, kwa hiyo shehena ilishushwa kwenye matishari na kuletwa ufukweni maji yakijaa. Hapo sikuhitaji kuelezwa. Ni kama majahazi na kaskazi: ukikosa msimu, umekosa mwaka. Kila skrubu ilihesabiwa.

Tulikuwa tunakarabati kituo cha ustawi, mahali wazee wanapokutana, akina mama wanapoleta vichanga, na kijana aliyeelemewa hupata mtu wa kuzungumza naye. Tulipobandua kuta tukakuta sufi ya kuzuia baridi imelowa, nyeusi kwa kuvu. Fundi wa zamani alitoboa nailoni ya ndani ya ukuta apitishe nyaya, asizibe. Mvuke wa chai na wa pumzi za watu ukapenya humo, ukaganda ukutani miezi yote ya baridi, kisha ukayeyuka joto liliporudi. Tundu la punje ya hindi! Wiki mbili tulibandika tepu nyekundu mpaka nikawa naiota usiku, ingawa usiku wenyewe, kiangazi cha huko kaskazini, haukuwa na giza la kuitwa usiku.

Ikabaki jiko. Mchoro uliotoka kusini ulikuwa na kaunta ukutani na meza kubwa iliyofungwa katikati. Bibi mmoja alikuwa akija kila siku kututazama. Mjukuu wake alikuwa akijifunza kazi kwetu. Nikamfunulia mchoro.

"Bibi, meza ikae hapa katikati, sawa?"

Kijana akatafsiri kwa Kiinuktitut. Bibi hakufungua kinywa. Alikunja pua tu, kidogo. Nikadhani ni harufu ya gundi. Nikamshukuru, nikafanya kazi siku mbili, nikaipima meza kwa pima maji mpaka nikaridhika nafsi yangu.

Akaja tena, akakunja pua tena.

"Gundi bado inamsumbua bibi?" nikamuuliza kijana.

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Anasema hapana, fundi. Tangu juzi anasema hapana."

Kumbe kwao pua ikikunjwa ni hapana, nyusi zikiinuliwa ni ndiyo.

"Sasa mbona hukunambia?"

"Nilidhani umeona."

Bibi akachukua boksi letu tupu la skrubu, akalichana, akalitandaza sakafuni. Akaketi amenyoosha miguu mbele, akatoa ulu, kile kisu chao chenye umbo la mwezi mwandamo, akaonyesha: sili, yule mnyama wa baharini wanayemla, alazwe hapa akatwe, watu wazunguke hivi, watoto wakae karibu waone. Nami nikamwona bibi yangu juu ya mbuzi ya nazi, sinia chini, sisi wajukuu tumemzunguka tukingoja machicha. Hakuna aliyewahi kumjengea kaunta, wala asingeikubali.

Msimamizi alinung'unika, akaandika barua pepe kusini, majibu yakachukua siku nne. Meza tukaing'oa, mbao zake nikatengeneza rafu za mlangoni za kuwekea viatu.

Matundu manane ya skrubu yalibaki katikati ya sakafu. Niliyaziba, lakini rangi haikufanana, na mimi macho yangu yalikuwa hapo hapo kila nikiingia. Siku sili wa kwanza alipoletwa, bibi alitandaza boksi juu yake bila kuyatazama, akanyoosha miguu.