Siku nilipoitwa mpambe wa jambazi

Mwaka 2006 nlikua nashinda kwenye banda moja la video Temeke, kazi yangu kukaa pembeni ya DJ anayetafsiri muvi nimnong'oneze pale kiingereza kinapomkaba, maana kutia chumvi alikua anajua ila lugha yenyewe anakisia tu. Siku hiyo steringi kamkunja jamaa mmoja wa upande wa maadui, anamwambia we si henchman wa yule jambazi mkuu. DJ kanigeukia na maiki iko wazi, "dogo, henchman ndo nini?"

Nikaropoka, "mpambe".

Banda zima likaangua kicheko, coz jumamosi iliyopita nlikua mpambe wa bwana harusi, binamu yangu, na nusu ya waliomo mle walikuwepo ukumbini wakaniona na suti ya kuazima namfuta jamaa jasho kwa leso. Mzee mmoja nyuma akadakia, "kumbe binamu yako jambazi!" Jina likanikaa.

Iliniuma bana. Kesho yake nikapanda daladala mpaka Maktaba Kuu pale Bibi Titi, nikaomba dikshenari kubwa ya kiingereza, lile zito la kubeba kwa mikono miwili. Kumbe neno limetoka kwenye hengest, kiingereza cha zamani, yaani farasi dume, ukiongeza man unapata mtu wa farasi! Baadae likawa la vijana wa kutembea ubavuni mwa mfalme kwenye shughuli zake, cheo ambacho Malkia Elizabeth wa Kwanza alikifuta 1565, halafu karne ya 19 mwandishi Walter Scott akalifufua kwa maana ya mtu wa karibu wa chifu kule milimani Scotland, ndo likahamia kwa wanasiasa wa Marekani na mwisho kwa majambazi.

Nikawaza, mbona mpambe nae kapita humohumo? Kaanza kwenye kupamba, harusini, akawa yule mwanajeshi anayesimama nyuma ya Rais, na wanasiasa walivyomdaka tukaanza kusema wapambe nuksi. Sikukosea bana!

Nikarudi jioni mbio kumwelezea DJ habari ya farasi. Muvi ileile inarudiwa, hata hajanisikiliza, kafika pale pale kavuta maiki: "huyu sasa ndo mpambe wa adui, kama huyu dogo hapa mlangoni, jamani msogezeeni benchi."