Ngitili, na daftari langu la mwaka wa kwanza

Leo nilikua napanga vitabu nikakutana na daftari langu la mwaka wa kwanza kazini Shinyanga. Kurasa za mwanzo zote ni miche tu, iliyofika, iliyopandwa, iliyokufa. Halafu katikati kuna ukurasa nimeandika NGITILI kwa herufi kubwa, na chini yake maswali matatu aliyoniuliza mzee mmoja nikashindwa kujibu. Nimekaa nayo jioni nzima.

Kwa asiyejua, ngitili ni eneo ambalo Wasukuma wanalifunga mvua zikianza, ng'ombe haingii humo, nyasi na miti vinaachwa vikue, mpaka kiangazi kikolee ndo linafunguliwa, tena kipande kwa kipande, kwanza wale ndama na ng'ombe waliodhoofu. Kuna za familia na kuna za kijiji. Nyingi hazina hata uzio, mpaka ni kichuguu au korongo au mti fulani na kila mtu anaujua.

Sasa hii kitu ilikaribia kufa kabisa. Mkoloni alifyeka misitu ili kuua mbung'o, ikaja pamba, mifugo ikaongezeka, halafu miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa wakaziacha ngitili zao huko nyuma, na ukishakaa mbali na ngitili yako nani ataifunga? Serikali ilipoanzisha HASHI mwaka 1986, yani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ngitili zilizokua zimerekodiwa zilikua kama hekta 600 tu mkoa mzima. Mradi unaisha 2004 zilikua zimeshapita hekta 300,000, kwenye vijiji zaidi ya 800.

Kila nikizisoma hizo namba natamani watu waulize zimetokeaje, maana hazikutokana na miche. Hata HASHI wenyewe walianza na vitalu na miti ya kigeni, na wananchi hawakuichangamkia sana. Mambo yalibadilika walipoanza kuwauliza watu wanataka nini, watu wakasema tunataka miti yetu na tunataka ngitili zetu. Na ardhi ile haikua imekufa jamani, visiki vilikua hai chini, mizizi iko, mbegu ziko, kilichohitajika ni watu kukubaliana ng'ombe wasiingie kwa misimu kadhaa na mgunga ukachipua wenyewe.

Nirudi kwa mzee. Swali la kwanza, huo mche wako ng'ombe anakula majani yake? La pili, kiangazi unakunywa maji kiasi gani? La tatu ndo lilinimaliza: ukishakua, mwanangu, utakua wa nani?

Mi nilisomeshwa maarifa ya wenyeji kama kitu cha kukusanya, unaenda kijijini na dodoso, unaandika majina ya miti na dawa zake, unarudi ofisini yanaingia kwenye ripoti, sura ya tatu, basi. Lakini ngitili ukiitoa kwa watu wanaoifunga inabaki nyasi tu. Kujua lini pafungwe na lini pafunguliwe kunaenda pamoja na nani ana sauti ya kusema leo pamefungwa akasikilizwa. Ndo maana dagashida, ule mkutano wa kimila, ulikua na uzito mkubwa kuliko semina zetu zote, mtu akichungia ndani anaitwa mbele ya wenzake analipa faini na sungusungu, wale walinzi wa jadi wa kijiji, wanafuatilia. Vijiji vilivyochukua kanuni hizo vikaziingiza kwenye sheria ndogo vilipata kitu ambacho hata afisa akihamishwa kinabaki.

Sisemi kila kitu cha zamani ni kizuri. Mwenye ng'ombe wengi na ardhi kubwa ndo anafaidi zaidi, asiye na ardhi anaangalia tu nyasi za mwenzake, na kina mama ambao ndo wanajua kuni gani inawaka bila moshi na mzizi gani wa tumbo la mtoto, kwenye mikutano mingi niliyohudhuria walikaa nyuma kabisa na hakuna aliyewauliza. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu na mimi nilikuepo na sikuwauliza.

Siku ile, tukiwa tunatembea kwenye ngitili yake, mzee alinitajia miti nane ya asili, kila mmoja na kazi yake, na mimi nikawa nahesabu miche yangu kichwani sikuandika hata mmoja. Leo nimekaa na kalamu nimekumbuka mitano tu. Nimeacha mistari mitatu wazi chini ya ukurasa, kesho asubuhi nampigia kijana wake, kama mzee bado ana nguvu ya kuongea aniwekee simu sikioni kwake.