STI sasa inakalia hewa

Wadau, gari langu, ile Subaru WRX STI, hatimaye imefungwa mfumo wa hewa wa kubeba gari badala ya springi. Springi za chuma zimetoka zote nne, zimeingia shokomzoba zenye mifuko ya hewa. Kwenye buti kuna tangi, kompresa mbili za volti 12 na kichujio cha kunasa maji, maana hewa ikibanwa huacha unyevu, na unyevu ndio unaoua vali.

Kufunga shokomzoba zenyewe si kazi kubwa, boli zinaingia matundu yaleyale. Shughuli iko kwenye mabomba. Ukikata bomba kwa kisu, mkato unakaa mshazari na hewa haikosi kuvuja. Fundi alitumia kikatio maalumu, kisha akapaka povu la sabuni kila maungio. Kote kimya, isipokuwa moja nyuma ya siti: viputo vidogo vidogo, kama chai inayoanza kuchemka. Tungeliacha hivyo, asubuhi ningekuta gari limelala upande.

Alainimenti, yaani pembe za magurudumu, tulipima kwa kimo cha kuendeshea, si likiwa limelazwa. Likishuka, magurudumu huinama kwa ndani na tairi huliwa upande huo.

Kwenye kona bado linashika, ingawa kwa mashindano ya saketi ningechagua koilova (shokomzoba zenye springi za chuma zinazorekebishwa kimo) bila kusita: uzito mdogo, vitu vichache vya kuharibika. Lakini kwa matuta haya ya Nairobi? Nabonyeza kitufe, linanyanyuka, napita. Mlinzi wa geti letu kila jioni ananiomba nilishushe aone.