Matundu 8, milango 3: siku moja ya diwani

Saa 11 alfajiri simu inaita. "Mheshimiwa, tumefiwa huku, tunaomba turubai." Nimezoea. Kwa wapiga kura wangu diwani ni turubai, ada ya mtoto na nauli ya kwenda hospitali ya Bugando. Kuhusu kuibana halmashauri, kazi niliyoombea kura, hanipigii mtu simu alfajiri.

Saa 12 na nusu niko shule ya msingi ya mlimani. Boda kagoma chini, mawe ya Mwanza hayana utani, nimepanda kwa miguu na joho langu ndani ya mfuko. (Wanaodhani diwani hupewa gari, karibuni tupande wote.) Leo ni baraza la madiwani, lile la kila miezi 3, na kwenye taarifa ya robo kuna mstari ulioninyima usingizi: ujenzi wa matundu 8 ya vyoo, asilimia 100. Nimehesabu. Matundu 8, kweli. Milango 3. Mwongozo wa serikali unataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Hapa mabinti wanashikiana kanga mlangoni. Nikapiga picha. Mwalimu mkuu akaninong'oneza, "Mheshimiwa, mimi usinitaje." Sikumtaja.

Baraza la saa 3 limeanza saa 5. Sala, kumbukumbu za kikao kilichopita, taarifa za kata. Barabara kila diwani analia nazo, na kila mmoja anakumbushwa kuwa tangu 2017 ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kana kwamba mwananchi akitumbukia mtaroni huuliza kwanza mtaro ni wa nani.

Zamu yangu imefika watu wananusa wali.

"Mstahiki Meya, naomba mtaalam atusaidie. Hiyo asilimia 100 ina milango?"

Ukumbi ukacheka. Mtaalam hakucheka. Akasema mradi umekamilika "kwa hatua ya sasa". Nikauliza hatua ya sasa ni ipi. Akasema milango iko kwenye mchakato wa manunuzi. Nikauliza fedha ya milango ilikuwemo kwenye makadirio ama haikuwemo. Akafunua makabrasha, akafunua tena, akaomba aniletee majibu kwa maandishi. Hapo ndipo wengi wetu tunakaa chini, kwa sababu majibu ya maandishi yana miguu mifupi, na bajeti ya kata yako inapita mikononi mwa mtu huyohuyo unayemuumbua. Mzee mmoja jirani yangu akanivuta joho: "Tulia, ng'wanawane (mwanangu), chakula kinapoa." Sikutulia. Nikaomba picha zipite meza kuu, na taarifa isipokelewe mpaka ule mstari urekebishwe. Tukabishana kanuni. Joho lile ni zito, feni moja haizunguki, mgongo umelowa, sauti imeanza kukauka. Mwisho Meya akamwelekeza Mkurugenzi: mstari urekebishwe, kamati ikakague kabla ya robo kwisha. Nimeandika tarehe kwenye daftari langu, maana kumbukumbu za kikao nazo zina tabia ya kusahau.

Wali ulikuwa umeisha.

Jioni sijui hata saa ngapi, nimeshuka kwenye daladala Mabatini, viatu mkononi. Vijana wa kijiweni: "Mheshimiwa, posho imetoka, tutoe basi!" Nimewanunulia karanga.

Nimevua joho, simu tena. Ni yule wa msiba. "Mheshimiwa, turubai limefika, ila limetoboka."

Nikajikuta nauliza, "Matundu mangapi?"