Vilele vilivyoachana

Ferisianidi ya potasiamu, chumvi ya majaribio ya kemia ya umeme, hupewa wanafunzi kwa sababu haina makuu. Volteji ya elektrodi iliyozamishwa kwenye mmumunyo wake ikipelekwa na kurudishwa, inapokea elektroni moja, inairudisha, na kwenye grafu ya mkondo dhidi ya volteji hutokea vilele viwili, cha kwenda na cha kurudi. Katika nyuzijoto 25, umbali kati yao hutarajiwa kuwa karibu milivolti 59. Vyangu vilikaribia hapo nilipobadilisha volteji polepole, lakini kwa volti 1 kwa sekunde vikaachana kwa zaidi ya 120.

Mwalimu aliyenisimamia alitazama, akasema, "Elektroni zinavuka kwa uvivu kati ya elektrodi na ferisianidi. Tafuta kasi yake."

Mchoro wa mwanakemia Nicholson wa mwaka 1965 ungenipa kasi hiyo jioni ileile: unapima umbali wa vilele, unasoma jibu. Ila nilikuwa nimeandika programu ndogo ya kuiga jaribio, na aliyewahi kuandika yake anajua jinsi mikono inavyowasha. Iligawa mmumunyo ulio mbele ya elektrodi katika matabaka membamba, kisha ikakokotoa kwa kanuni ya Fick, ile ya usambaaji, kiasi kinachohama kutoka tabaka hadi tabaka.

Niliweka uvukaji wa polepole. Mstari ukalala juu ya data. Nikaweka uvukaji wa haraka, pamoja na ukinzani wa omu 150 ndani ya mmumunyo. Nao ukalala vilevile. Jumla ya makosa ilikaribia kulingana. Data ile isingeamua kamwe, hata ningeikokotoa usiku kucha. Basi nikaiuliza programu swali jingine: dhana hizi zinaachana wapi?

Zinaachana kwenye wingi wa ferisianidi. Uvivu wa elektroni hauujali. Ukinzani unaujali: mikroampia 250 zikipita kwenye omu 150 hupotea milivolti 37 hivi kila upande, na mkondo ukipungua mara kumi, hasara nayo hupungua mara kumi.

Kesho yake nilishusha ferisianidi kutoka milimola 5 hadi 0.5 kwa lita, kloridi ya potasiamu, chumvi inayopitisha umeme kwenye mmumunyo, nikaiacha ilivyo. Kwa volti 1 kwa sekunde ileile, vilele vikasogeleana hadi chini ya milivolti 75. Mwalimu akataka ning'arishe elektrodi upya kwa unga wa alumina na kurudia, na alikuwa na haki, maana uso mchafu hudanganya kuliko programu yoyote. Matokeo hayakubadilika: ukinzani ndio uliovitenganisha vilele.

Kwenye ripoti hatukuandika kasi ya elektroni. Tuliandika kiwango ambacho haiwezi kuwa chini yake, na ukinzani wa seli pembeni.