Maji Hayakumwagika, Ila Mazungumzo Yalikatika

Utotoni nilizoea kufuatana na shangazi yangu kisimani. Akirudi na ndoo kichwani alizungumza njia nzima, ila tulipofika kwenye gogo la kuvukia kijito alinyamaza ghafla, akavuka, kisha akaendelea pale pale alipoachia. Maji hayakumwagika hata siku moja. Miaka mingi baadaye, niliposoma namna watafiti wanavyopima mzigo wa akili wa marubani, nilitambua kwamba ukimya ule ulikuwa kipimo.

Rubani hodari akipewa ndege ngumu kuidhibiti, tena katika upepo wa ubavuni, aghalabu huishikilia kwenye njia yake sawasawa na siku ya shwari, kwa kuwa anaongeza juhudi. Anayetazama njia ya ndege pekee hataona tofauti. Ndiyo maana watafiti humpa kazi ndogo ya pili, kama vile kujumlisha tarakimu, wakaangalia anavyochelewa au kukosea humo. Wanachotafuta ni nafasi iliyobaki akilini. Kipimo cha Bedford, kilichobuniwa Uingereza kwa kufuata ngazi 10 za Cooper na Harper za mwaka 1969, ambazo rubani hukadiria kwazo ugumu wa kuidhibiti ndege, humwuliza rubani mwenyewe kuhusu nafasi hiyo.

Moyo nao husikilizwa. Neil Armstrong alipotua mwezini tarehe 20 Julai 1969, mapigo yake yalifikia 150 kwa dakika, ilhali kazi ya misuli ilikuwa ndogo. Je, hiyo ilikuwa kazi ya akili, au hofu, au uzito wa dhamana? Moyo hautenganishi. Dodoso la mzigo wa kazi liitwalo NASA-TLX, lililotolewa na Sandra Hart na Lowell Staveland mwaka 1988, hujaribu kutenganisha: akili, mwili, haraka, ufanisi, juhudi na kero, kisha mambo hayo sita hulinganishwa mawili mawili, mara 15, ili ijulikane lipi lililemea zaidi. Nalipenda, ingawa hujibiwa kazi ikiisha, na marubani, kama mafundi wote, wana fahari yao.

Kasoro ya kazi ya pili ni kwamba nayo ni mzigo, na hakuna mwenye busara atakayemtaka rubani ajumlishe tarakimu akiwa anatua na abiria. Kwa hiyo baadhi ya watafiti hupima kilichomo tayari katika kazi yake, kwa mfano muda anaochukua kuijibu redio ya mnara wa kuongozea ndege. Kwangu hiyo ndiyo njia safi kuliko zote: shangazi naye hakutwishwa jambo la ziada, kwani maongezi yalikuwa yake tangu kisimani.